Kwenye Kona ya Tangi

Siku Bluu walipofungwa na Zambarau, dereva wa basi la chuo hakutaka kusemeshwa na mtu. Alikuwa amesikiliza mpira wote kwenye redio ya gari, ameegesha nje ya maktaba, na goli la tatu lilipoingia alizima redio, akashuka, akalizunguka basi akiyapiga magurudumu mateke kana kwamba ndiyo yaliyolala golini. Binti yake akatoka maktaba na jezi ya Bluu mwilini, uso umemshuka. Hawakusalimiana. Baba na mtoto wanaoshabikia timu moja hawana cha kuambiana siku kama hiyo. Mmoja aliwasha gari, mwingine akakaa kiti cha mbele karibu na mlango, mahali pake pa kila jioni, maana walikuwa wakimaliza safari ya mwisho ya kwenda na kurudi mabwenini ndipo waende nyumbani pamoja.

Basi lilikuwa moja. Zamani yalikuwa mawili, jingine likafa injini, likapelekwa karakana na huko likaozea. Na nusu ya wanafunzi wa chuo kile walilala mabweni ya bondeni, mbali na madarasa, mbali na maktaba, mbali na zahanati. Chuo kiliyakodi majengo yale, kisha kikawaandikia wanafunzi wapya kwamba usafiri upo. Upo, ndiyo: ulikuwa ni yule baba mmoja na usukani wake. Gari la wagonjwa lilikaa juu ya mawe nyuma ya zahanati, magurudumu yake yamekwenda kuvalishwa gari la mkubwa fulani, kwa hiyo aliyeugua bondeni alibebwa na basi lilelile. Dereva alishambeba aliyevunjika mguu, aliyezimia kwa njaa wakati wa mitihani, na msichana aliyeshikwa na uchungu ambaye hata wenzake wa chumbani hawakujua kuwa ni mjamzito. Hakuwahi kumpita mgonjwa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Sasa tuje kwenye utani. Katika mabweni ya wavulana palikuwa na kijana waliyemwita Msemaji, kwa kuwa Zambarau wakishinda yeye ndiye aliyewasemea, aulizwe asiulizwe. Yeye na dereva walikuwa watani, na utani wao ulikuwa na utaratibu ambao basi zima liliujua. Zambarau wakishinda, Msemaji alivua jezi, akasimama barabarani pale kituoni akiipunga, na dereva alipiga honi ndefu ya hasira za uongo, akampita. Kijana alikata mbio kwa njia ya mguu. Barabara ile inakizunguka kilima chenye tangi la maji, na mwenye miguu myepesi anaweza kuliwahi basi upande wa pili. Kwenye kona ya tangi dereva alisimama, akafungua mlango, akamngoja. Msemaji alipanda akihema, jezi mkononi, abiria wamekufa kwa kicheko, na dereva akimwambia, "Mmekula zambarau mpaka ndimi zimebadilika rangi, hebu toa ulimi tuuone." Msemaji alitoa ulimi, safari ikaendelea. Ndivyo walivyopendana, na hakuna aliyewahi kuumia.

Jioni ile basi lilishusha wanafunzi, likageuzia mabweni ya wasichana, likaanza kurudi na abiria wachache: mpishi wa zamu, mlinzi, na wanafunzi waliokuwa wakienda kujisomea. Viti vingi vilikuwa vitupu. Kituo cha wavulana kilikuwa kimefurika jezi za zambarau, watu wanacheza, wanapiga masufuria, kila mmoja anapiga kelele zake. Na katikati ya barabara, kifua wazi, alisimama Msemaji akiipunga jezi kwa mikono miwili.

"Usisimame, baba," binti alisema. "Leo mwache akimbie mpaka akome."

Dereva alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu goli la tatu. Akapiga honi ndefu kuliko siku zote. Msemaji hakuruka pembeni kama kawaida yake, alisubiri mpaka basi likamkaribia kabisa, na lilipompita akalipiga ubavuni kwa kiganja, mara nyingi, akisema maneno yaliyomezwa na masufuria. "Leo amezidisha," dereva alisema, na abiria wakacheka.

Kwenye kona ya tangi alisimama, akafungua mlango, kama siku zote. Njia ya mguu ilikuwa tupu. Giza lilishaanza kuingia vichakani. Mlinzi aliyekuwa akichelewa zamu akaanza kunung'unika kwamba wengine wana kazi, si wote wachezea mpira. Dereva akamgeukia binti yake akamuuliza kama wamngoje zaidi.

"Haji huyo. Wanasherehekea," binti alisema. "Twende baba, nina njaa."

Dereva akafunga mlango, akaondoa gari.

Habari aliileta mke wake asubuhi. Mama yule alipika kantini ya chuo, na kantini habari huwahi kuliko chai. Alirudi nyumbani kabla ya saa zake, aproni ikiwa bado kiunoni, akamkuta mumewe uani ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Alimwambia kuna mtoto amekufa bondeni jana jioni. Kijana wa pumu, wenzake walimwita Mkimya, analala chumba kimoja na Msemaji. Dawa yake ya kuvuta iliisha, zahanati hawakuwa nayo wiki nzima. Alipobanwa wakapiga simu zahanati, ikaita mpaka ikachoka. Mwisho wakapata pikipiki, wakampakia katikati ya watu wawili wa kumshikilia, na njiani wale wawili wakagundua kuwa wanamshikilia asiyepumua.

"Wanasema basi lilipita," mama akamalizia. "Wanasema walilisimamisha, likapita. Nimewaambia si wewe."

Dereva alibaki na wembe hewani na povu upande mmoja wa uso. Alipouliza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Walilisimamisha kwa nini? Kwa mkono?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wanasema kwa jezi."

Akakaa chini, palepale kwenye maji ya kunyolea. Mkewe alidhani ameteleza. Binti alikuwa amesimama mlangoni na jezi ya Bluu aliyolala nayo, na aliyasikia yote. Alirudi chumbani, akaivua, akaikunja vizuri kana kwamba anairudisha dukani, akaisukumia uvunguni mwa kitanda. Kisha akatapika. Mama yake alimfuata na beseni, akamshika kichwa, akampa pole ya malaria.

Wiki iliyofuata hapakuwa na masomo. Wanafunzi walikaa barabarani mbele ya basi, wakaimba, wakadai gari la wagonjwa, wakadai dawa, wakamdai dereva. Madai yote yalikuwa ya haki, lakini magurudumu hayana uso na dawa haina jina, dereva anavyo vyote viwili. Kwenye vumbi la kioo cha nyuma mtu aliandika kwa kidole neno MUUAJI. Aliliosha. Kesho yake akalikuta tena, limeandikwa kwa mkono mwingine. Kantini, msichana mmoja alikitazama chakula alichopakuliwa na mama yule, akamrudishia sahani taratibu, bila neno, akaenda kupanga foleni kwa mpishi mwingine. Mama alisimama na ile sahani mpaka ikapoa. Angetukanwa angalau angejibu.

Msemaji aliitwa na viongozi wa wanafunzi akaeleza kwamba basi lilikuwa na viti na halikusimama. Hakueleza zaidi. Hakusema kwamba hata yeye, alipoivua ile jezi ili dereva amwone vizuri kwenye giza la jioni, hakukumbuka kuwa ndiyo alama yao ya kupitana. Alikumbuka basi lilipokuwa linampita. Tangu hapo hakula vizuri, na wenzake walidhani ni msiba tu.

Ofisa Usafirishaji alimwita dereva ofisini, akafunga mlango, akampa kiti. Miaka yote aliyofanya kazi pale dereva alipokea amri akiwa amesimama, na kiti kile kilimtisha kuliko makaripio. Ofisa hakumuuliza kilichotokea. Alimweleza kilichotokea. Basi lilikuwa limejaa, na basi likishajaa dereva haruhusiwi kuongeza mtu, hata awe nani. Kutakuwa na kikao mbele ya Mlezi wa Wanafunzi, mama wa marehemu atakuwepo, na dereva atasema hivyo hivyo, kwa ufupi, kisha atatoa pole.

"Hakuna aliyefukuzwa kazi duniani kwa sababu gari limejaa," ofisa alisema. "Ila ukisema jingine, mzee wangu, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Akamkumbusha, kwa upole mkubwa, kwamba nyumba anayoishi ni ya chuo. Akamkumbusha kwamba binti yake anasoma bila ada kwa kuwa ni mtoto wa mfanyakazi, na mtoto wa aliyefukuzwa si mtoto wa mfanyakazi. Halafu akauliza kama ni kweli kwamba binti alikuwemo garini. Ni vizuri, alisema, basi na yeye aje. Shahidi mwanafunzi ana uzito. Wenzake wakimsikia watatulia, na yule kijana mwenye mdomo ataonekana ni mzushi.

Dereva alimwitikia. Alitoka akiwa amesahau kofia yake kwenye kile kiti, akaona aibu kuirudia.

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, utani, honi, kona, mpaka neno la binti yao kwamba ana njaa. Walikuwa wamekaa jikoni, mlango umefungwa. Mke alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akasimama akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba wao hawana kiwanja, hawana ndugu mwenye nafasi, na mtoto amebakiza mwaka mmoja. Akasema kwamba mtoto wa mtu amekwisha kufa na hakuna maneno yatakayomfufua.

"Na hebu fikiri, baba watoto," akasema, akiwa bado amempa mgongo. "Utamwambia mama mzazi mwanawe amekufa kwa utani wa mpira? Umwangalie machoni umwambie hivyo? Gari kujaa ni afadhali. Gari kujaa mtu anaweza kukubali."

Dereva aliliona hilo kuwa ni kweli. Ndiyo iliyokuwa shida yake: uongo wa ofisa ulikuwa na huruma ndani yake. Ungemlinda yeye, ungemlinda mtoto, na hata yule mama ungemfunika na shuka asione. Aliyebaki nje alikuwa Msemaji peke yake, kijana wa watu, ambaye angeitwa mwongo mbele ya chuo kizima kwa kusema kweli.

Jioni alimkuta binti yake uani ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tangu siku ile alikuwa haongei, anakula kwa kulazimishwa, na kitabu hakishiki. Baba alimwita "mama," kama alivyozoea, kwa kuwa binti alibeba jina la mama mzazi wa baba yake, na tangu utotoni nyumba nzima ilijua kwamba huyu hachapwi, kwani nani anamchapa mama yake.

"Mama," alisema, "kesho ukiulizwa, sema ulikuwa umelala. Hukuona kituo, hukuona kona. Basi."

"Gari lilikuwa limejaa, baba?"

"Nitasema mimi. Wewe ulikuwa umelala."

 Baba akaingia ndani.

Kikao kilikuwa katika chumba cha mikutano chenye viti vya kuzunguka na pazia zito, chumba ambacho dereva alikijua kwa nje tu, kwa kuwaleta wageni mlangoni. Walimwambia angoje kwenye korido mpaka aitwe. Kwenye benchi la korido alikuwa ameketi mwanamke mwembamba na futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Alikwishamzika mwanawe, akarudi kwenye mashine kwa sababu kulikuwa na sare za watu hazijaisha, na asubuhi ile alitoka dukani moja kwa moja bila kukumbuka kuivua. Pembeni yake alikaa kaka yake, mjomba wa marehemu, aliyekuwa amevaa koti la kuazima na hakujua mikono aiweke wapi.

Walisalimiana. Dereva alitoa pole, akapokewa. Yule mama akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini kama yeye ni mmoja wa walimu. Akajibu kwamba hapana, yeye ndiye dereva.

Mwanamke alimtazama. Dereva alitegemea kofi, na moyoni alilitaka. Lakini yeye alisema, "Nina swali moja tu, kaka yangu. Huko ndani wataongea mengi na mimi sitayaelewa. Mwanangu alionekana, au hakuonekana?"

"Mama?"

"Kama hakuonekana, hiyo ni bahati mbaya, nitalia nitanyamaza. Kama alionekana akaachwa, nataka kujua. Usiku silali kwa hilo tu."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Dereva aliingia akiwa hajajibu, na alipokuwa anatafuta kiti chake ndipo alipoelewa vizuri alichopewa na ofisa. Gari lilijaa, maana yake tulimwona, tukamwacha.

Mlezi wa Wanafunzi alifungua kwa pole ndefu, yenye maneno makubwa, iliyosema chuo kimepoteza hazina. Ofisa Usafirishaji akaeleza habari za uwezo wa basi na usalama wa abiria. Msemaji alikaa mwisho wa meza, macho kwenye goti lake. Binti wa dereva alikaa karibu na dirisha, na mama yake, ambaye hakualikwa, alisimama nje ya kioo cha mlango na aproni yake, akikataa kuondoka.

"Basi tuthibitishie," Mlezi alisema akimgeukia dereva. "Gari lilikuwa limejaa?"

"Halikujaa," dereva alisema. "Viti vilikuwepo vingi."

Ofisa akakohoa. Akasema mzee ana mshtuko, apewe maji, aulizwe taratibu. Dereva akasema hana haja ya maji. Hakuwa akiwatazama wao, alikuwa anamtazama fundi cherehani.

"Sikumwona, mama. Ningemwona ningesimama, Mungu ndiye shahidi wangu, nimewabeba wengi. Nilimwona kijana huyu hapa na jezi yake, nikajua ni utani."

"Utani gani?"

Ikambidi aeleze. Mwanamke yule hakuujua mpira kabisa, hakujua Bluu wala Zambarau, na kila alipofika dereva ilibidi arudi nyuma kidogo. Ikabidi aeleze kwamba kuna timu mbili. Ikabidi aeleze kwamba siku hiyo moja ilimfunga mwenzake, na wa timu iliyoshinda humtambia wa timu iliyoshindwa. Kwa hiyo akivua fulana akaipunga, maana yake anakutambia, na wewe unampita ili umkomoe, lakini si kumkomoa kweli, unamngoja mbele. Ndani ya basi mambo hayo yalikuwa yakichekesha mpaka watu wanashika mbavu. Ndani ya chumba kile, mbele ya mama yule aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayejitahidi, yalikuwa upuuzi mtupu wa watu wazima, na dereva alijisikia anavuliwa nguo moja moja na ulimi wake mwenyewe.

"Sijaelewa bado," fundi alisema. "Ile fulana ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu, mama. Ni rangi tu."

"Rangi."

"Ndiyo."

Akaipitisha ile futi vidoleni. Kisha akauliza, "Ulipompita, ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na wengine walicheka?"

Dereva hakugeuka upande wa dirisha. "Nilicheka mwenyewe," akasema. "Wengine walikuwa wamechoka, wengine wamelala."

Ofisa Usafirishaji alifunga kalamu yake, akaitia mfukoni. Alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba mzee amejimaliza mwenyewe, na kila mtu aliyekuwemo ni shahidi. Nje ya kioo, mke wa dereva aliiona kalamu ile ikiingia mfukoni, akafahamu, akaufunika uso kwa aproni.

Ndipo Msemaji alipoanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama watu wasiozoea. Mlezi akamwambia atoke akanywe maji, akakataa, akasema ana neno. Akamwambia mama wa mwenzake kwamba yote aliyosema dereva ni kweli, kosa ni lake yeye, jezi ilikuwa yake, na kwamba Mkimya alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, nyuma ya watu waliokuwa wakicheza, na aliliona basi likipita.

"Nilitaka kurudi kutafuta pikipiki," alisema. "Yeye ndiye aliyekataa. Alikuwa hana pumzi lakini alisema. Alisema, atatungoja kwenye tangi. Alisema, huyo mzee hajawahi kutuacha. Nikambeba mgongoni, mama, nikakata naye kwa njia ya mguu. Nilikimbia. Hakuwa mzito, ila kile kilima. Tulipotokea kwenye kona tukaliona basi linakata upande wa chini. Taa za nyuma."

 Ofisa mwenyewe alikuwa anaitazama meza. Fundi cherehani alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua alimtazama dereva bila ukali wowote, na hilo lilikuwa gumu kuliko ukali.

"Ulimngoja?"

Dereva alishika ukingo wa meza. "Nilingoja," akasema. "Nilingoja kidogo."

"Kidogo."

"Kidogo, mama. Nikadhani haji."

"Si yeye aliyedhani." Sauti ilitoka dirishani.

Binti alikuwa amesimama pale dirishani. Baba yake alimwambia akae, akamwita mama, akamwambia hakuulizwa, akae. Hakukaa. Mikono ilikuwa imemganda ubavuni na alizungumza haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa katikati. Alisema baba yake alitaka kungoja zaidi, alimuuliza yeye, na yeye ndiye aliyesema haji, twende. Alisema kwamba hata pale kituoni ni yeye aliyesema usisimame. Alisema hakuwa amelala, alicheka, alicheka kuliko wote, na kwamba alimjua Mkimya, walisoma darasa moja, darasa ambalo viti havitoshi na watu wanasikiliza wakiwa wamesimama, na asubuhi nyingi Mkimya aliweka daftari lake kwenye kiti cha pili kumshikia yeye nafasi, kwa sababu alijua anakuja na basi na basi linachelewa.

"Nilisema nina njaa," alisema. "Nilisema twende, nina njaa."

 Alibaki amesimama, na baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kupoteza kazi na nyumba na hakujali, alijiinamia akaanza kulia kwa ajili ya kitu pekee alichokuwa amejaribu kukiokoa.

Fundi cherehani alimtazama yule msichana muda mrefu. Umri wake na wa marehemu ulikuwa mmoja. Urefu ulikuwa karibu mmoja pia, na jicho la kazi, ambalo halijui msiba, lilikwisha kumpima mabega.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia.

Neno hilo lilimtoka kwa mazoea. Ndivyo alivyowaita wote, wateja wadogo, wanafunzi wa jirani, yeyote ambaye angeweza kuwa mwanawe. Lakini safari hii alilisikia lilivyotoka, na mkono ukaenda mdomoni kulizuia, likiwa limekwisha kusemwa. Binti akakaa. Kaka yake fundi alisimama, akamshika dada yake begani, akamwambia twende nyumbani, na yeye akasema ngoja kwanza, ngoja kidogo.